Kusoma Uso: Watu Wenye Usonji na Lugha ya Nyuso

Waswahili husema, "Akufukuzaye hakwambii toka." Methali hii hutumiwa kumwonya mgeni, wala si kumlaumu mwenyeji. Inachukuliwa kwamba mwenyeji amekwisha kusema yote yaliyompasa: amekunja uso, amekwepesha macho, amejibu kwa mkato, na aliyebaki kitini baada ya hayo ni mtu asiyejua mambo. Methali haiulizi kama ujumbe ulifika. Lakini wapo watu ambao ujumbe wa aina hii hauwafikii kwa njia ya uso, au huwafikia umechelewa, au huwafikia kwa kishindo kiasi cha kutotambulikana. Hao ni watu wenye usonji. Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano wao na nyuso za wenzao, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya suala hili, ambalo kwa muda mrefu limeachiwa madaktari na wanasaikolojia, ni suala la lugha.

Istilahi yenyewe ina historia yake. Jina la Kizungu la hali hii liliundwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Bleuler alikuwa akieleza maradhi mengine. Leo Kanner wa Baltimore ndiye aliyelitumia mwaka 1943 alipoeleza habari za watoto 11, na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana ambao, pamoja na mengine, macho yao hayakutulia juu ya msemaji na nyuso zao zilionyesha machache. Katika Kiswahili, pamoja na usonji, hutumika pia tawahudi, neno la Kiarabu la shina lile lile lililoleta tauhidi. Basi Mgiriki na Mwarabu wamekutana: wote wawili wanamweka mtu peke yake. Upweke, hata hivyo, ni jambo linalohitaji angalau pande mbili ili litokee, na majina haya yanautaja upande mmoja tu.

Kipimo kilichosifika sana katika uwanja huu ni kile kilichotungwa na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kikatolewa mwaka 1997 na kusahihishwa mwaka 2001. Katika toleo la pili, mtahiniwa huonyeshwa picha 36, kila moja ikiwa ni sehemu ya uso iliyo karibu na macho tu, akatakiwa kuchagua kati ya maneno manne lile lielezalo vyema zaidi fikira au hisia ya mwenye macho hayo. Watu wazima wenye usonji, wakichukuliwa kwa wastani, walipata alama za chini kuliko wenzao. Matokeo hayo yana uzito wake; linalohitaji kutazamwa ni kile kilichopimwa. Picha zilitoka magazetini, na wenye macho hayo hawakuulizwa walihisi nini. Jibu sahihi lilipatikana kwa makubaliano ya watungaji na ya waamuzi waliojaribu picha hizo kwanza. Usahihi wake basi ni kama ule wa lahaja sanifu: ni wa makubaliano, na anayekosea anakosea mbele ya waliokubaliana. Tena watungaji wenyewe waliambatisha orodha ya maana za maneno yaliyotumika, ishara ya kutosha kwamba walijua kuwa mtihani wa macho ulikuwa pia mtihani wa msamiati.

Mtu atakayejaribu kukifasiri kipimo cha namna hii kwa Kiswahili atakutana na ugumu mara moja. Hasira, ghadhabu, hamaki, kero, udhia na uchungu hazigawani uwanja kama maneno ya Kiingereza yanavyogawana. Uchungu peke yake hubeba maumivu ya mwili, huzuni, na hasira iliyomezwa. Lakini hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni sarufi. Vitenzi vya uso katika Kiswahili hupenda sana kauli ya kutendea: mtu humnunia mwenzake, humkunjia uso, humchekea, humtolea macho, humbetulia midomo. Kununa si hali tu iliyotulia usoni, bali ni tendo, na tendo hilo lina mlengwa. Hata kukunja kuna kinyume chake katika kauli ya kutendua, kukunjua, ambako ndiko kulikotokana na sifa ya ukunjufu. Uso ni kama mkeka, hukunjwa au kukunjuliwa mbele ya mtu fulani kwa sababu fulani. Picha ya macho iliyokatwa gazetini haina mnuniwa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni sentensi iliyopoteza yambwa wake, naye hutakiwa aieleze maana yake.

Wale wenye usonji waliosimulia maisha yao wameeleza mambo ambayo mtihani huo hauyaoni. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947, ameandika kwamba hakujua kuwa miendo ya macho ina maana mpaka alipokisoma kitabu cha Baron-Cohen kilichotoka mwaka 1995. Wakati huo alikuwa mwanachuoni mwenye kuheshimiwa. Kwa Oliver Sacks alijifananisha na mwanaanthropolojia aliyefika katika sayari ya Mars, akijifunza desturi za wenyeji kwa kuzichunguza moja moja. Wengine husema kwamba kumtazama mtu machoni huwaumiza, au huwajaza kiasi kwamba hawayasikii tena maneno yake. Hulazimika kuchagua kati ya kutazama na kusikiliza. Wengine huona kila kinachotembea usoni, nyusi, kope, pembe za mdomo, ila hawajui lipi ni neno na lipi ni kelele. Mgeni katika lugha ngeni husikia sauti zote vivyo hivyo, asijue mipaka ya maneno.

Mwaka 2002 Ami Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza macho ya vijana wenye usonji walipokuwa wakitazama filamu ya mwaka 1966, "Who's Afraid of Virginia Woolf?" Wenzao walitazama zaidi macho ya waigizaji, wao walitazama zaidi midomo, miili na vitu. Jambo ambalo mara nyingi husahauliwa katika kuinukuu kazi hiyo ni kwamba wale waliotazama zaidi midomo ndio walioonekana kumudu vizuri zaidi maisha na wenzao. Si ajabu: mdomoni ndimo yatokamo maneno.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalieleza kwa namna yake. Katika lugha hii mtu huona haya, huona wivu, huona fahari, huona uchungu. Mwenye kuona ni yule yule mwenye hisia. Kabla haya haijaonekana na jirani, imekwisha kuonwa na mwenyewe kutoka ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Peter Sifneos alibuni istilahi aleksithimia, kwa viungo vya Kigiriki visemavyo kukosa neno la moyo, awataje watu wanaoshindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Hali hiyo si usonji, ingawa huonekana kwa watu wengi wenye usonji, na pia kwa baadhi ya wasio nao. Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao walipozitenganisha hali hizi mbili mwaka 2013, waliona kwamba udhaifu wa kutambua hisia usoni ulifuatana na aleksithimia, wala si na usonji wenyewe. Asiyeiona haya yake hawezi kwa wepesi kuiona ya mwenzake. Basi kwa miaka mingi huenda kosa la jirani mmoja liliandikwa kwa jina la mwingine.

Upande wa pili wa uso nao umeanza kuchunguzwa. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alidai mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande zote mbili. Mwaka 2016 Elizabeth Sheppard na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na usonji walikosea zaidi walipozifasiri nyuso za wenye usonji kuliko walipozifasiri za watu kama wao. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh waliipitisha hadithi mtu kwa mtu katika misururu ya watu wanane. Msururu wa wenye usonji peke yao uliihifadhi hadithi sawasawa na msururu wa wasio nao. Ni misururu iliyochanganya watu wa aina zote mbili iliyopoteza mengi. Hali hii ni ya wageni wawili, kila mmoja na lugha yake, ila mmoja tu ndiye aitwaye asiyejua kusema.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto anayekaripiwa hutazamiwa ainamishe macho. Dodoso zilizotungwa ng'ambo huuliza kama mtoto huwatazama watu machoni, na jibu la mama aliyemlea mwanawe kwa adabu laweza kuhesabiwa kuwa dalili. Kinyume chake, mtoto mwenye usonji aliyezoezwa kukaza macho, kwa kuwa aliambiwa ndivyo wafanyavyo watu, huambiwa na mwalimu kwamba ni jeuri. Mtu mzima naye hana njia nyepesi. Baadhi yao wameamua kuuliza waziwazi: "Je, nimekaa mno?" Mwenyeji, akifuata adabu, hujibu kwamba hapana, kaa tu, na uso wake husema jingine.

Yeyote atakayekabidhiwa kuvifasiri vipimo hivi kwa Kiswahili asianze na orodha ya majina ya hisia. Aanze na vitenzi, pamoja na kauli zake, na kila uso aupe mtu wa kuutazama: nani amemnunia nani, na kwa jambo gani. Kisha awape maneno hayo kwanza wazungumzaji wa Kiswahili wenye usonji, wayasahihishe kabla hawajapimwa kwayo.