Umeme wa Njia Tatu katika Karakana za Nyumbani

Mafundi seremala wanaofanya kazi majumbani wanakumbushwa kuwa randa au msumeno wenye mota ya njia tatu hauungwi moja kwa moja katika umeme wa njia moja wa volti 230. Mota hiyo hunguruma bila ya kuzunguka, hupata moto na koili zake huungua. Palipo na vumbi la mbao, nyumba nzima huwa hatarini.

Njia za salama ni mbili: kuomba kwa Shirika la Umeme laini ya njia tatu, volti 400, au kutumia kifaa cha kugeuza njia moja kuwa tatu, iwapo kibati cha mota kimeandikwa 230/400 na fundi umeme mwenye leseni ameiunga kwa pembetatu. Kabla ya kununua mashine, kibati hicho kisomwe mwanzo.