Paja la Nguruwe la Sikukuu: Rangi si Shahidi wa Kuiva

Mwezi wa Desemba unapofika, wakulima wa Chiola, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, huwa wangali katika msimu wa korosho. Kwa familia za Kikristo huo pia ndio wakati wa kufikiri juu ya kitoweo cha Krismasi. Baadhi yao hupenda kupika paja la nguruwe kwa namna ya kigeni: nyama hutiwa chumvi, hupikwa nzima, kisha hupakwa asali au sukari mpaka ngozi yake ing'ae kama shaba. Makala haya yanaeleza mambo yanayotokea ndani ya nyama hiyo, na kwa nini mpishi asiuamini mng'ao wa nje. Ndugu zetu Waislamu hawali nyama hii; hata hivyo, kanuni za moto na asali zitakazoelezwa hapa zinalihusu paja la mbuzi vilevile.

Chumvi na majira ya baridi

Kitoweo ambacho Waingereza hukiita hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Katika Ulaya ya kale nguruwe alichinjwa baridi ilipoanza. Chumvi huifyonza nyama maji, na bakteria wakikosa maji hawawezi kuongezeka. Lakini chumvi husafiri polepole sana: yahitaji siku nyingi kufika kwenye mfupa. Katika muda huo wote ni baridi ya majira iliyowazuia bakteria wa ndani.

Hali ya Nachingwea ni kinyume. Mwezi wa Desemba joto la mchana hufikia nyuzi 30 za sentigredi, na katika joto hilo bakteria waweza kuzidi maradufu kila nusu saa. Paja litaoza karibu na mfupa kabla chumvi haijafika huko, ingawa kwa nje litaonekana zima. Kwa hiyo asiye na jokofu asijaribu kulihifadhi paja kwa chumvi. Na alipike siku ile ile nguruwe alipochinjwa. Mwenye jokofu aweza kulilaza usiku mmoja katika maji yenye gramu 60 za chumvi kwa kila lita. Hiyo itatia ladha tu, haitahifadhi.

Wekundu wa hemu ya dukani nao una chanzo chake. Mwaka 1901 mwanasayansi J. S. Haldane alieleza kwamba hutokana na nitriti, ambayo huungana na chembe za rangi za nyama na kuzifanya zibaki nyekundu hata baada ya kupikwa. Zamani watu walitumia shura kwa kazi hiyo. Tahadhari: mtu asitie mbolea yenye nitrati katika nyama kwa kutafuta wekundu huo. Nitriti ikizidi huizuia damu isichukue oksijeni, na yaweza kuua. Paja lililopikwa bila dawa hizo huwa jeupe lenye kijivu, na halina kasoro.

Adui asiyeonekana

Kuna jambo zito kuliko ladha. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu aweza kumeza mayai ya tegu. Mayai hayo huanguliwa, na vijana wa tegu hujificha katika misuli ya nguruwe ndani ya vifuko vyeupe, vyenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, kifuko hufunguka na tegu hukua utumboni mwake, akafikia urefu wa mita kadhaa.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza. Mtu huyo hutoa mayai katika choo chake. Asiponawa mikono vizuri, mayai yaweza kuingia katika chakula anachowapikia wengine, au kinywani mwake mwenyewe. Katika mwili wa binadamu vijana wa tegu hufanya kama wafanyavyo katika nguruwe, na baadhi yao hufika kwenye ubongo. Huko huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, mahali tegu huyu alipoenea, visa vipatavyo asilimia 30 vya kifafa husababishwa naye. Kifafa hicho mara nyingi husingiziwa uchawi, ilhali kimetokana na choo, mikono na sufuria.

Kwa sababu hiyo nguruwe afugwe bandani, nyama ikaguliwe na mtaalamu wa mifugo, na kila nyumba iwe na choo. Hata hivyo, ukaguzi waweza kuvipita vifuko vichache. Ngome ya mwisho ni moto.

Moto na unene

Vifuko vya tegu hufa joto la nyama linapofika nyuzi 60 na kuzidi. Kwa usalama tutafute nyuzi 75 katikati ya paja. Je, yachukua muda gani? Wengi hudhani kwamba nyama yenye unene maradufu huhitaji muda maradufu. Sivyo. Muda wa joto kufika katikati hukua kwa mraba wa unene: kama kipande cha sentimeta 4 chahitaji nusu saa, cha sentimeta 8 chahitaji kama saa 2.

Njia iliyo salama ni kulitokosa paja kwanza. Kipande cha kilo 3 kifunikwe kwa maji na kichemke taratibu kwa muda wa saa 3 hivi. Asiye na kipimajoto anacho kipimo kingine, nacho ni mfupa. Nyuzinyuzi zinazoshikilia nyama kwenye mfupa ni za protini iitwayo kolajeni. Hiyo haiyeyuki kuwa jelatini mpaka ikae kwa muda mrefu katika joto la nyuzi 70 na zaidi. Mfupa unapozunguka kwa wepesi ukishikwa, tujue kwamba joto la kuua tegu lilikwisha kupita zamani.

Asali mwishoni

Ndipo ije asali. Nyama iliyo majini haipiti nyuzi 100, kwa hiyo haipati rangi ya kahawia. Rangi hiyo, pamoja na harufu yake, hutokea vizuri nyuzi zipitapo 140, sukari na protini zinapoungana kwa namna iliyoelezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Asali ina sukari ya matunda kwa wingi, nayo huanza kuungua mapema. Ikipakwa mwanzoni itakuwa mkaa machungu kabla ya nyama kuiva.

Paja liepuliwe, likaushwe, na ngozi ichanjwe. Lichomekwe karafuu, lipakwe asali iliyochanganywa na maji ya ndimu, kisha lipaliwe makaa juu na chini kwa nusu saa tu. Maji ya mabibo, yakichemshwa mpaka yawe mazito, yafaa badala ya asali: yana sukari ya kutosha, na ukakasi wake hupunguza uzito wa mafuta.

Nyama iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa 2 katika joto la Desemba. Irudishwe motoni au iwekwe katika jokofu.

Msomaji ataona kwamba rangi ilitaka kutudanganya mara mbili. Wekundu wa hemu hauonyeshi ubichi, wala kahawia ya asali haionyeshi kuiva. Kabla ya kupaka asali, mpishi aushike mfupa na kuuzungusha. Ukikataa, chungu kirudi jikoni, hata kama wageni wamekwisha kukaa.