Mteja usiyemjua anataka domeni yako? Angalia kwanza hela inakaa wapi

Meseji inaingia ghafla. Mtu anayesema yuko Ulaya ameliona jina la tovuti, amelipenda, anatoa dola 3,000. Mwenye jina ni kijana wa Nairobi au Dar aliyelinunua kwa dola kumi na kitu, kwa ajili ya biashara ambayo haikufunguliwa. Anaona bahati imemwangukia.

Inawezekana kweli imemwangukia. Majina huuzwa, na mengine kwa hela nzito: mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy ya Marekani iliuza Voice.com kwa dola milioni 30. Lakini matapeli nao wanalijua hilo.

Mchezo wao wa zamani ni wa cheti. Mteja anakubali bei papo hapo, kisha anataka muuzaji alete cheti cha thamani ya domeni kutoka tovuti fulani. Muuzaji analipa makumi ya dola, mteja anapotea. Ile tovuti ya cheti ilikuwa yake. Hata mnunuzi wa nyanya sokoni hupatana bei, iweje wa dola 3,000 asipatane?

Asipodai cheti, linabaki swali gumu: nani atangulie kutoa mzigo?

Domeni haina hati ya karatasi. Anayeishika ni mwenye akaunti kwenye kampuni ya usajili. Ili ihame, muuzaji anafungua kufuli ndani ya akaunti hiyo na kutoa namba ya siri ya uhamisho. Mtu akishaipata namba hiyo, anaweza kuihamishia domeni kwenye kampuni ya nchi nyingine, na kuirudisha ni kazi ya miezi na mawakili. Kwa hiyo picha ya risiti iliyotumwa WhatsApp si malipo. Hata hela iliyoingia kwa kadi au PayPal inaweza kurudishwa: PayPal humpa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko.

Njia iliyozoeleka ni eskro, yaani mtu wa tatu anayeshika hela. Escrow.com, kwa mfano, inafanya kazi hiyo tangu 1999. Mnunuzi anaweka hela huko, eskro inathibitisha imeingia, ndipo muuzaji anahamisha domeni. Mnunuzi akikiri ameipata, hela inaachiliwa. Nani alipe ada ya huduma, wanakubaliana mapema.

Tatizo ni kwamba eskro nazo hughushiwa. Mteja anatuma linki ya tovuti inayofanana na ile halisi, ikitofautiana herufi moja tu. Muuzaji aandike anwani mwenyewe kwenye simu, asibonyeze linki, na taarifa ya malipo aisome ndani ya akaunti yake, si kwenye barua pepe. Akiambiwa atume kwanza "kodi" au "gharama ya kufungulia malipo", dili limekufa.

Kuna suala la muda pia. Domeni iliyosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita mara nyingi haiwezi kwenda kampuni nyingine, na mteja aambiwe hilo mapema asije akadhani anazungushwa. Kama wote wawili wana akaunti kwenye kampuni moja, kuhamisha ni haraka zaidi. Majina ya .ke, chini ya KeNIC, na yale ya .tz yana taratibu zake, hivyo muuzaji aulize kwanza kampuni iliyomsajilia.

Jambo moja husahaulika sana: barua pepe zilizokuwa kwenye domeni hiyo. Mmiliki mpya anaweza kuunda anwani ileile na kupokea kila kinachotumwa huko. Kama muuzaji aliitumia kufungulia Facebook au akaunti ya benki, ombi la kubadili nywila litamfikia mgeni. Anwani hizo zibadilishwe kabla ya kufuli kufunguliwa.