Je, Wajua? Nguvu za Farasi Mahali Pasipo na Farasi

Kasongo na Kabambare, huku Maniema, mashariki mwa Kongo, zilikuwa vituo vya misafara katika karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, na pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu. Farasi hawakudumu huku. Ugonjwa wa mbung'o uliwamaliza. Hata hivyo leo injini zetu zinapimwa kwa nguvu za farasi! Nguvu moja ni kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja, yaani wati 736 hivi.

Bugatti Veyron, gari la mbio la mwaka 2005, lina nguvu 1,001. Zinatumika wapi? Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye lami tambarare linahitaji 20 hivi tu. Zilizobaki ni za kuchomoka ghafla na kupambana na upepo, maana mwendo ukiongezeka maradufu, upepo hudai nguvu mara nane.

Kwenye tope jekundu la Maniema upepo si tatizo. Tairi ndiyo huamua: isiposhika ardhi, nguvu zote huishia kuzunguka palepale. Ndiyo maana Land Cruiser ya dizeli ya lita 4.2, yenye nguvu 130 tu, hupita kwa gia nzito na magurudumu manne yanayovuta. Pikipiki ya cc 125 ina kama 10.

Na yule anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese? Kutwa nzima hutoa sehemu moja ya kumi ya farasi mmoja, na mzigo unafika sokoni.