Gemu Inidanganye, Lakini Isinibebe Ufala

Kila base ya gemu mtaani iko na msee mmoja mjuaji. Mbogi imejaa kwa benchi, kila mtu anangoja zamu yake, kwa skrini meli ya spesi imelipuliwa na spika zimetetemesha mabati. Mjuaji anaingilia: "Hiyo ni jaba. Huko juu hakuna hewa, sasa hiyo sauti imepitia wapi?" Anaambiwa anyamaze. Mwingine anamshow arudi chuo kama anadai masomo, hapa watu wamelipa mbao wajibambe.

Mimi namuunga huyo jamaa mkono, lakini nusu. Fizikia yake iko fiti. Shida ni anadhani kuna gemu haidanganyi. Zote hudanganya, hadi zile zinajigamba ati ni sayansi tupu. Kitu ya kuuliza ni imedanganya wapi, na kama huo uongo umenipea mchezo ama umeninyang'anya.

Tuanze na mababu. 1962, pale MIT Marekani, Steve Russell na wasee wake waliunda Spacewar! kwa kompyuta ya PDP-1. Meli mbili zinawindana, na baadaye Dan Edwards akaweka nyota katikati yenye inavuta. Ukizubaa inakumeza. Sasa cheki hii: nyota inavuta meli, lakini torpedo haziguswi. Zinapita hapo kando bila kuvutwa. Si ati walisahau Newton. Ile mashine haingeweza kupiga hesabu ya mvutano kwa kila kitu na bado picha iende fiti, so torpedo zikasamehewa. Hakuna mtu alilia. Sheria ilikuwa moja kwa wote wawili, ukishaishika unapanga vita yako nayo.

Ruka hadi 1984. David Braben na Ian Bell wanatoa Elite, na humo meli inaenda pale pua imeangalia, vile ndege hufanya kwa hewa. Uongo, lakini mtamu. Alafu 1993 Braben analeta Frontier: Elite II na anaamua kuwa mkweli. Newton bila maji. Ukizima injini meli inaendelea tu. Umeona konda akishuka nganya kabla isimame, lazima atimue mbio kidogo juu mwili bado uko na ile spidi ya gari? Sasa toa barabara, toa upepo, toa kila kitu cha kumsimamisha. Hiyo ndio Frontier. Kusimama lazima ugeuze meli uchome mafuta ukiangalia kwenye umetoka.

Kwa daftari ya Fomu Tatu unapewa tiki. Kwa vita ikawa ngori. Wewe na adui mnakuja mkiangaliana na spidi ya kichizi, mnapitana, mnarushiana miale kidogo, alafu kila mtu anaanza kuhangaika kupunguza mwendo ndio arudi. Mkirudi, mnapitana tena. Wasee wengi waliochizi Elite ya kwanza walichoka hapo. Ukweli ulikuwa umewekwa wote, lakini hakuna mtu aliuliza kidole gumba cha mchezaji kitafanya nini nao.

Elite Dangerous ilipokuja 2014 walikuwa wamejifunza. Meli iko na kikomo cha spidi, kitu haiko kwa spesi ya ukweli, na kompyuta inakusaidia kushikilia njia. Ukijiona mkali unazima huo msaada, unaanza kuteleza kando huku pua imemwangalia adui. Hiyo ni ladha ya Newton kwa kipimo chenye binadamu anaweza kubeba. Na sauti, ile ya kusumbua mjuaji wetu? Stori ya hiyo gemu ni kwamba kompyuta ya meli ndio inatengeneza sauti ndani ya chumba, ndio rubani ajue adui ako upande gani. Kioo kikivunjika hewa ikitoka, makelele yote yanafifia. Huo ni uongo umepigwa pasi. Naunyooshea mkono.

Kuna uongo mwingine hata hauchagui mtu, unaletwa na seva. EVE Online ya Iceland, meli zake husonga ni kama ziko ndani ya maji: ukizima injini, unasimama. Lakini noma ni vita zenyewe. Januari 2014 maelfu ya wachezaji walipatana pahali panaitwa B-R5RB wakachapana kwa karibu siku nzima, na seva ikalemewa. Gemu iko na dawa yake: inapunguza mwendo wa wakati hadi asilimia 10, kila mtu sawa. Einstein alisema wakati unaweza kuenda polepole, lakini hakuwa anaongelea seva.

Sasa tuingie kwa gemu yenye imekula usiku zangu mingi: Kerbal Space Program. Iliundwa na Squad, kampuni ya Mexico City iliyokuwa kwa mambo ya matangazo, na jamaa aliyeianzisha anaitwa Felipe Falanghe. Watu walianza kuicheza 2011, ikakamilika 2015. Unaunga roketi vipande vipande, unapakia vijamaa vya kijani, unawasha. Mara nyingi inalipuka. Unacheka, unaunga ingine.

Watu huisifu ati ni fizikia ya ukweli. Enyewe? Sayari yake, Kerbin, kutoka katikati hadi juu ni kilomita 600. Dunia yetu ni 6,371. Na bado ukisimama Kerbin unavutwa sawasawa na vile unavutwa ukiwa Githurai. Kasayari kadogo hivyo kakivuta hivyo, lazima kawe kameshikana karibu mara kumi kuliko Dunia, zaidi ya mara mbili ya osmiamu, na osmiamu ndio metali nzito kuliko zote tunazojua. Haiwezekani. Ni uongo mkubwa umekaa katikati ya gemu na hakuna mtu anauona.

Lakini uliza mbona. Kuzunguka Dunia hapo karibu juu unahitaji kama kilomita 7.8 kwa kila sekunde. Kerbin ni 2.3 tu. Kwa hivyo roketi yako inabaki saizi ya kueleweka, na hukai ukiangalia moshi hadi usinzie. Kuna mod inaitwa Real Solar System yenye inarudisha saizi zote za ukweli. Iweke uone vile ile roketi ulikuwa unaringa nayo itaishiwa mafuta hata kabla ya nusu ya ile spidi.

Uongo wa pili: ndani ya Kerbal kitu moja tu ndio inakuvuta kwa wakati. Ukitoka kwa himaya ya sayari, mvutano wake unakatwa, unashikwa na wa jua. Ile darubini ya James Webb, iliyorushwa Krismasi ya 2021, imekaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kwa sehemu yenye mvutano wa jua na wa Dunia vimesaidiana kuishikilia. Kwa Kerbal hiyo parking haipo.

Sawa, kama inadanganya hivyo, mbona naipenda? Juu imepunguza namba lakini haijagusa vile vitu vinahusiana. Nikupe mfano. Uko kwa obiti, mbele yako kuna chombo kingine, unataka kukifikia. Akili ya mtaa inasema kanyaga mafuta. Kanyaga basi. Unapanda juu zaidi, huko juu mzunguko unachukua muda mrefu, na kile chombo kinazidi kukuacha. Ukitaka kukifikia lazima upunguze mwendo: unashuka chini, chini huko unazunguka haraka, unakishika, alafu ndio unapanda.

Usijione fala. Juni 1965, James McDivitt, rubani wa Gemini 4, alijaribu kuendea kipande cha roketi yake mwenyewe angani. Akakielekezea pua, akasukuma, kikazidi kuenda. Alichoma mafuta hadi ikabidi aachane nacho. Na mwanaanga Buzz Aldrin alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari pale MIT, 1963, kuhusu hiyo mambo tu ya vyombo kukutana angani. Desemba ya 1965 ndio Gemini 6A na 7 zilikaribiana hadi chini ya mita moja. Kitu yenye ilisumbua marubani wa NASA, leo mtoto wa Umoja anaishika wikendi moja kwa laptopu ya kuazima, na vidole vyake haviwezi kuisahau. Hiyo huwezi ipata kwa gemu ya meli kuenda pale pua inaangalia.

Portal ya 2007 ilifanya hiyo kazi kwa njia ingine. Unatoboa shimo kwa ukuta huu na ingine kwa ukuta ule, unaingia hapa unatokea pale. Weka moja sakafuni na ingine juu yake kwa dari, unaanguka milele ukizidisha spidi, nguvu ya bure kabisa. Odijo wa fizikia analia. Lakini spidi yenye uliingia nayo ndio unatoka nayo, kila saa, bila mapendeleo. So unaruka kutoka juu, unaingia shimo la chini, unarushwa kando kama ulivyopanga. Walivunja sheria moja, wakaheshimu ingine hadi mwisho, na gemu yote ikasimama hapo.

Chenye sitaki ni ile gemu inabadilisha sheria nikiwa ndani. Meli yangu inateleza kwa kila kona, ya adui inakata kona kali bila kuhisi kitu. Mlango wa meli unafunguka kwa spesi misheni hii na karatasi haitingiki, misheni ijayo watu wananyonywa nje juu stori imetaka mtu afe. Hapo si fizikia imeninyima, ni mimi nimebebwa ufala.

Na kabla mtu aseme hizi ni stori za wazungu: kwa Kerbal unajifunza mapema kurusha roketi ukielekea mashariki, juu sayari ikizunguka inakupea spidi ya bure. Kwa ikweta ya Dunia hiyo zawadi ni kama mita 465 kwa sekunde. Ndio maana Wataliano walikuja kuweka jukwaa baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi, digrii 3 tu kusini ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa kutoka hapo, ikabatizwa Uhuru. Jukwaa lilirusha roketi ya mwisho 1988. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilipanda Aprili 2023 kutoka California, na usikasirike ati walituruka: njia yake ilipangwa ipite karibu na ncha za dunia, ikweta haingeisaidia.

Andrew Kaggia na Black Division Games walishatuletea Nairobi X, viumbe vya huko mbali vikivamia jiji. Kwa hivyo msee wangu, wewe unayejifunza kuandika programu, niundie ya Ngomeni. Punguza Dunia ikutoshe, weka makelele vile unataka, rubani avae hata Akala. Lakini nikirusha roketi ikielekea magharibi, inilipishe mafuta zaidi.