Ubao ndio unaopeleka mkono kwenye msumeno

Ukipita Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi, au mtaa wowote wa mafundi wa vitanda na makabati, utaisikia mashine ya kupasulia mbao kabla hujaiona. Mara nyingi ni meza ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jirani, mota na mkanda vikiwa chini yake, na msumeno duara umechomoza katikati. Meza hiyo hupasua mninga, mkongo na paini ya Sao Hill kutwa nzima. Juu ya meza nyingi msumeno hauna kava. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: fundi ana uzoefu, na macho yake yako kwenye kazi.

Hesabu inalikataa jibu hilo. Chukua msumeno wa inchi 12 unaozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ncha ya jino lake inakwenda mita 48 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Binadamu huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kushtuka na kuanza kuuondoa mkono. Ndani ya muda huo msumeno umeshazunguka mara kumi. Ukiwa na meno 40, basi meno 400 yameshapita pale kidole kilipo. Macho makali hayawezi kuziba pengo hilo, wala miaka 20 ya kazi. Usalama wa msumeno wa meza hupangwa kabla swichi haijawashwa.

Ubao hurushwaje?

Wengi hudhani kidole hukatika kwa sababu fundi amezubaa akaupeleka mkono mahali pasipofaa. Hilo hutokea. Lakini mara nyingi ubao ndio unaotangulia kwenda upogo, na mkono unaufuata.

Meno ya mbele, yaliyo upande wa fundi, huzunguka yakishuka, kwa hiyo huukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma hupanda. Ubao ukiyagusa hayo ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kwa nguvu kuelekea kwa aliyeusukuma. Ukimkosa kifuani au tumboni, bado hatari haijaisha: mkono uliokuwa umeuegemea ubao unabaki bila kitu cha kushikilia, na mwili unaangukia mbele, msumeno ulipo.

Ubao huyafikia meno ya nyuma kwa sababu zinazojulikana. Umepinda na hautulii mezani. Umesukumwa kwa mkono mtupu bila ukingo wa pembeni wa kuuongoza. Au ni mbichi, jambo la kawaida katika masoko yetu, na unapopasuliwa ule mwanya uliokatwa unajifunga na kuubana msumeno.

Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma. Nyuma ya msumeno huwekwa bapa lililosimama wima, nene kidogo kuliko mwili wa msumeno lakini jembamba kuliko mwanya unaokatwa na meno. Bapa hilo huuzuia mwanya usijifunge, tena huuweka ubao mbali na meno yanayopanda. Likae sambamba kabisa na msumeno, na umbali wake kutoka kwenye meno, usawa wa meza, usizidi milimita 8. Mashine nyingi za kiwandani huja nalo. Likishafunguliwa mara moja kwa ajili ya kazi fulani, hutupwa pembeni lisirudi tena. Kwenye meza za kuchomelea huwa halikuwekwa tangu mwanzo, ingawa mchomeleaji anayejua vipimo anaweza kulitengeneza.

Kupasua na kukata

Fundi seremala anajua kuwa kupasua ubao kwa urefu na kuukata kwa upana ni kazi mbili, na kila moja ina kiongozi chake. Kupasua hutumia ukingo wa pembeni, uliofungwa imara na ulio sambamba na msumeno. Kukata hutumia kigari kinachoteleza mezani kikiwa kimeubeba ubao. Ukivitumia vyote viwili pamoja, kipande kilichokatika hunaswa kati ya msumeno na ukingo, na kikishanaswa kitaruka.

Urefu wa msumeno nao una maana. Meno yachomoze kidogo tu juu ya ubao, na kava ishuke karibu na ubao kadiri kazi inavyoruhusu. Fundi asimame kando kidogo ya mstari wa msumeno, asiwe nyuma yake moja kwa moja. Vipande vidogo visiokotwe kwa vidole mpaka msumeno usimame kabisa.

Sentimita 30 za mwisho za kila ubao ndizo za kuogopwa, kwa kuwa hapo mkono unausogelea msumeno. Tumia fimbo ya kusukumia yenye urefu wa sentimita 45 hivi, iliyochongwa pengo mwishoni ili iushike ubao. Inatokana na makombo yanayofagiliwa kila jioni, na msumeno ukiikata, unachonga nyingine. Itundikwe kwenye mashine yenyewe, maana ikiwa ng'ambo ya karakana hakuna atakayeifuata.

Glavu zivuliwe, kwani meno hunasa kitambaa na kuvuta mkono mzima. Pete, mikono mirefu na kamba za kofia vina hatari hiyohiyo. Miwani na kinga ya masikio vivaliwe. Barakoa pia: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Umeme ukirudi

Kuna hatari moja tunayoijua vizuri sisi wa mitaa ambako umeme hukatika bila taarifa. Mashine inanyamaza, fundi anaacha swichi ikiwa imewashwa, anaanza kuuchomoa ubao uliokwama. Umeme unarudi, na msumeno unaanza kuzunguka vidole vikiwa juu yake. Ipo swichi ya sumaku inayojizima umeme ukikatika na kubaki imezimwa mpaka mtu aibonyeze tena. Kila mashine ya kupasulia inastahili kuwa nayo. Karakana isiyo nayo iwe na amri moja isiyojadiliwa: umeme ukikatika, swichi inazimwa kwanza.

Nchini Marekani, mwanafizikia Stephen Gass alibuni mashine ya SawStop, ambayo huhisi ngozi kwa mkondo mdogo wa umeme na kuusimamisha msumeno ndani ya takriban milisekunde 5. Ni ubunifu mkubwa, lakini bei yake iko juu, na kila inapofyatuka msumeno na breki yake hubadilishwa. Karakana zetu zisingoje teknolojia hiyo wakati bapa, kava, fimbo na swichi vinapatikana leo.

Sheria na huduma ya kwanza

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi dhidi ya sehemu hatari za mashine. Tanzania pia ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango mwaka 2015, na mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake. Kijana anayeshika ubao upande wa pili wa meza bila kuandikishwa popote ndiye anayebaki na maumivu na gharama kwa pamoja.

Ajali ikitokea, zima mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi na uuinue mkono juu. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, kwa sababu barafu huua nyama. Vyote viende hospitali pamoja na majeruhi, haraka.

Mteja naye ana sehemu yake. Anayetaka kabati la milango sita kesho asubuhi ananunua pia haraka inayomfanya fundi apasue usiku, amechoka, taa hafifu. Mpe muda.

Na wewe mwenye karakana, kabla hujapokea oda nyingine, rudisha kava uliyoifungua, funga bapa nyuma ya msumeno, na chonga fimbo mbili za kusukumia: moja yako, nyingine ya kijana anayejifunza kwako. Atafanya kazi kama anavyokuona ukifanya.