Fidla ya Mamilioni: Ipigwe au Ifungiwe?

Katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, Uingereza, ipo fidla iliyotengenezwa mwaka 1716 na Antonio Stradivari, fundi wa Cremona, Italia. Inajulikana kwa jina la Messiah. Vanishi yake bado imekoza, kingo zake hazijalika, na ukiisogelea unaweza kudhani fundi ameimaliza juzi. Imebaki hivyo kwa sababu haikupigwa sana. Stradivari alipofariki mwaka 1737 ilikuwa bado karakanani kwake. Baadaye ikapita kwa wakusanyaji na wafanyabiashara walioijua thamani yake, mpaka familia ya Hill, mafundi na wauzaji wa fidla wa London, ilipoikabidhi kwa makumbusho ili iwe kipimo cha mafundi wa vizazi vijavyo. Huko Genoa, Italia, ipo nyingine, iliyotengenezwa na Guarneri del Gesù mwaka 1743, ikawa mali ya mpigaji maarufu Niccolò Paganini. Yeye aliiita Cannone, yaani mzinga, kwa ukubwa wa sauti yake. Hii ina makovu. Paganini hakutumia kile kipande cha kuegemezea kidevu ambacho wapigaji wa leo hufunga kwenye fidla, kwa hiyo vanishi imelika pale kidevu chake kilipokuwa kikigusa ubao. Alipofariki mwaka 1840 aliuachia mji wa Genoa fidla hiyo ihifadhiwe milele. Mji umeihifadhi, na hata hivyo huitoa kabatini, ukampa mpigaji aliyeshinda mashindano yenye jina la Paganini, naye akaipiga mbele ya watu.

Swali la nani yuko sahihi, Oxford au Genoa, linamgusa kila aliyewahi kununua ala kwa jasho lake kisha akaogopa kuitumia. Mimi nasimama na Genoa. Naamini ala ya thamani ipigwe, na ipigwe mara kwa mara, chini ya uangalizi. Lakini sababu zinazotajwa zaidi kutetea msimamo huu ni dhaifu, na mtetezi mwaminifu hana budi kuziweka kando kwanza.

Ya kwanza ni ile imani kwamba fidla isiyopigwa hulala, sauti yake ikafifia, na kwamba mtetemo wa nyuzi ndio unaoukomaza ubao. Wapigaji wengi wanaamini hivyo kwa moyo wote. Huko Australia jambo hili lilipimwa. Fundi Harry Vatiliotis alitengeneza fidla mbili pacha kwa mbao zilizolingana. Moja ikakabidhiwa mpigaji wa kitaaluma aipige kila wakati, nyingine ikawekwa katika makumbusho ya Powerhouse mjini Sydney. Baada ya miaka 3 wapigaji na wasikilizaji walizilinganisha, na hapakuonekana tofauti ya maana. Miaka 3 si miaka 300, hilo nakubali. Lakini anayedai kwamba ukimya huua sauti ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi, na mpaka sasa imani imetangulia mbali mbele ya ushahidi. Nadhani kinacholala ni mkono wa mpigaji. Akirudi kwenye ala aliyoiacha miezi kadhaa, huikuta ngumu, na wiki mbili baadaye husema ala imeamka, kumbe aliyeamka ni yeye.

Sababu ya pili ni kwamba sauti ya fidla hizi za kale haina mfano, kwa hiyo kuzinyamazisha ni kuidhulumu dunia. Hapa ushahidi ni mkali zaidi. Mtafiti Claudia Fritz na fundi Joseph Curtin waliwakusanya wapigaji 21 mjini Indianapolis, Marekani, mwaka 2010, wakawavisha miwani ya giza wasitambue wanachopiga, kisha wakawapa fidla za kale na mpya. Wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Wakosoaji wakalalamika kuwa jaribio lilifanyika katika chumba cha hoteli. Mwaka 2012 likarudiwa Paris kwa wapigaji 10 mashuhuri, kwa muda mrefu zaidi na ukumbini pia; 6 kati yao walichagua fidla mpya kuwa ndiyo ambayo wangesafiri nayo badala ya yao wenyewe. Pingamizi kubwa dhidi yangu linazaliwa hapo. Ikiwa fundi aliye hai anaweza kutengeneza fidla inayompendeza bingwa kuliko ya Stradivari, kwa nini tuihatarishe ya Stradivari? Si bora mpigaji achukue mpya, ya kale ikae salama?

Pingamizi hilo lingenishinda kama kupiga ndiko kungekuwa chanzo cha uharibifu mkubwa. Tuitazame fidla yenyewe. Ubao wake wa juu una unene wa milimita chache tu, na nyuzi zake nne zimekazwa kwa nguvu inayozidi kilo 20 kwa jumla, ambayo sehemu yake huukandamiza ubao huo. Nguvu hiyo ipo mchana na usiku, ipigwe isipigwe, ilimradi nyuzi zimekazwa. Adui wake mkubwa ni hewa. Ubao huvimba kukiwa na unyevu na kusinyaa kukiwa kukavu, na mabadiliko ya ghafla ndiyo hupasua. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana waliunganisha vipande kwa gundi ya ngozi ambayo huachia kabla ubao haujapasuka: ni afadhali kiungo kifunguke, fundi akigandishe tena, kuliko ufa upite katikati. Sasa nani wa kwanza kujua kwamba kiungo kimefunguka? Ni mpigaji. Husikia mvumo mdogo usiopaswa kuwepo, au noti moja inayokwama, siku nyingi kabla jicho halijaona mstari wowote. Kinyume chake, fungua boksi la fidla lililosahauliwa kabatini mwaka mzima: mara nyingi utakuta singa za mkia wa farasi zilizofungwa kwenye upinde zimekatika hapa na pale, zimetafunwa na mabuu ya mbawakawa wadogo wanaopenda giza na utulivu. Boksi linalofunguliwa kila siku ni nadra kuwa na wadudu hao.

Kwa hiyo naona kupiga kwa utaratibu ni aina ya ukaguzi, tena ukaguzi ambao hakuna mashine iliyoweza kuuchukulia nafasi kikamilifu. Mashine zina kazi yake. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba ile fidla ya Paganini ilikuwa imepelekwa Grenoble, Ufaransa, ikapigwa eksirei za nguvu kubwa ili hali ya mbao zake ijulikane bila kuifungua. Waliofanya hivyo ni walewale wanaoiruhusu ipigwe. Anayeitumia ala ana sababu ya kutaka kujua afya yake, ana bajeti ya mafundi, na ana tarehe ya onyesho inayomlazimisha aiangalie kabla na baada.

Ajali je? Zipo, na zinauma. Mwaka 1953 mpigaji wa Ufaransa Jacques Thibaud alikufa katika ajali ya ndege kwenye milima ya Alps, na fidla yake ya Stradivari ya mwaka 1720 ikaangamia pamoja naye. Mwaka 1999 Yo-Yo Ma alisahau selo yake ya mwaka 1733 katika buti ya teksi mjini New York, ikapatikana siku hiyohiyo. Wakati wa kurekodi filamu ya The Hateful Eight, iliyotoka mwaka 2015, mwigizaji Kurt Russell alilivunja vipandevipande gitaa la karne ya 19 lililoazimwa kutoka makumbusho ya kampuni ya Martin, akidhani ni nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvunjwa. Matukio haya yana jambo moja la kufanana: hakuna ala iliyoharibika au kupotea kwa sababu ya kupigwa. Ni safari, usahaulifu na uazimishaji usio na msimamizi. Hayo yanazuilika bila kuinyamazisha ala. Genoa ina masharti yake, na mpigaji huikuta fidla mikononi mwa watu wanaoilinda. Tena kufungia hakuna dhamana. Makumbusho ya ala za muziki ya Berlin yalipoteza sehemu kubwa mno ya mkusanyiko wake katika Vita Kuu ya Pili, na vitu vile vilikuwa vimewekwa salama kwa kadiri walivyojua.

Kuna sababu nyingine ya kufungia ambayo haisemwi kwa sauti, nayo ni bei. Mwaka 2011 fidla ya Stradivari iitwayo Lady Blunt, ya mwaka 1721, iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 15.9. Fedha hizo zilikwenda kuwasaidia walioathirika na tetemeko la ardhi na tsunami nchini Japani, jambo la kheri kabisa. Lakini sehemu ya bei ile ilitokana na upya wake: haikuchakaa kwa sababu haikupigwa sana. Soko linalipa ukimya. Aliyewekeza mamilioni atasema hii ni mali yangu, nitaifungia nikitaka, na sheria iko upande wake. Mimi namkumbusha jambo moja tu. Jina la Stradivari halikupanda bei kwa kukaa kabatini. Lilipandishwa na wapigaji wa vizazi na vizazi waliosimama majukwaani, na anayeifungia leo anakula mtaji waliouweka wao. Gertrude Clarke Whittall aliliona hilo. Katikati ya miaka ya 1930 aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani ala tano za Stradivari, akataka zipigwe, na akatoa fedha za kuwezesha maonyesho ya muziki. Zimekuwa zikisikika humo tangu wakati huo, na maktaba haijajuta.

Msimamo huu una mipaka, na mpaka wa kwanza ni malighafi. Ala ya kupuliza si sawa na ya nyuzi. Pumzi ya mtu ni joto na maji. Ikiingia katika filimbi ya kale ya mti au ya pembe, upande wa ndani huvimba ilhali wa nje umekauka, na tundu lililopimwa na fundi kwa uangalifu hubadilika umbo au kupasuka. Hapo kila mpigo una gharama ya kweli. Mwimbaji Lizzo alipoipuliza mwaka 2022 filimbi ya mwaka 1813 iliyokuwa ya rais James Madison, wengi walishtuka. Lakini filimbi ile ni ya kioo, na kioo hakinywi maji. Wahifadhi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, inakotunzwa, walikuwa wameipima hatari hiyo kabla ya kuitoa.

Kwetu pwani mfano uko Lamu. Makumbusho ya mji huo yana siwa mbili mashuhuri, yaani baragumu kubwa za kifalme: ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ndefu kuliko mtu, na ya Lamu ya shaba. Habari za Pate zinasimulia jinsi mwanamke aitwaye Mwana Darini alivyonyimwa siwa ya kifalme kwa ajili ya tohara ya mwanawe, akaamua kutengenezewa yake. Kilichomuuma ni sherehe kupita bila mlio ule, kwa maana mlio ndio uliotangaza hadhi ya nyumba. Siwa ya pembe naiacha ipumzike, pumzi haiifai tena. Kwa ile ya shaba hoja ya ukimya ni nyepesi zaidi, na wahifadhi wakijiridhisha kuwa haina ufa, sioni ubaya isikike siku moja maalumu chini ya macho yao, irekodiwe, na mafundi wapime nakala zao kwa sauti yake. Messiah nayo naikubali ibaki ilivyo. Fidla moja isiyoguswa ina faida kwa anayetaka kuona alama za patasi na rangi ya vanishi kama zilivyotoka karakanani. Zikiwa mia, hakuna tunachojifunza zaidi.

Sasa tushuke kwenye ala zetu za kila siku. Katika makanisa, shule na vikundi vya taarabu, kinanda kipya hufungiwa ofisini na ufunguo akakaa nao mtu mmoja, vijana wakajifunzia kilichovunjika. Kwa hewa ya pwani, yenye unyevu karibu mwaka mzima, kufungia huko ndiko huleta ukungu na kutu. Kanuni, ile ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, na kiegemeo cha nyuzi hizo hukaa juu ya ngozi iliyowambwa; iache miezi mitatu, na mpigaji atakesha akiirudisha sauti. Ipigwe hata robo saa kwa siku, isiachwe ndani ya gari juani wala karibu na feni, na baada ya kupiga ifutwe jasho kwa kitambaa laini. Mwenye fidla afute pia unga wa ulimbo unaodondoka kutoka kwenye upinde chini ya nyuzi kabla haujagandana na vanishi. Na akilazimika kusafiri na kuiacha, asilegeze nyuzi zote kwa pamoja. Ndani ya fidla kuna kijiti kilichosimama bila gundi kati ya ubao wa juu na wa chini, na kinachokishikilia ni mkandamizo wa nyuzi hizo tu. Kikianguka kitasikika kikigongagonga ndani. Wakati huo nyuzi zisikazwe tena, maana ubao wa juu hauna kinachoubeba, na fidla ipelekwe kwa fundi kama ilivyo.